Mtunya: Kifo, Kaya na Swali la Kuwapo katika Ugogo

Udhanaishi ni jina ambalo wahakiki wa Kiswahili wamelipa tapo la falsafa linaloanza na mtu kabla ya kuanza na kanuni, likiuliza maana ya kuwapo kwa kiumbe anayejua kwamba atakufa na ambaye hakuna desturi wala amri inayoweza kumtua mzigo wa kuchagua namna ya kuishi. Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na maswali hayo katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa Kichwamaji ya mwaka 1974, ambamo kijana wa chuo kikuu anakosa sababu ya kuendelea kuishi, na ndiyo maana imezoeleka kuyaona kuwa maswali ya msomi aliyekengeuka, yaani aliyetengwa na watu wake kwa elimu na kwa maisha ya mjini. Mazoea hayo yanapotosha. Katika uwanda wa kati wa Tanganyika, kati ya mwaka 1917 na 1920, swali la kuwapo na kutokuwapo liliwakabili wakulima wa uwele na wafugaji wa ng'ombe ambao wengi wao hawakuwahi kushika kitabu, na hukumu yao juu ya swali hilo imehifadhiwa katika neno moja la Kigogo, Mtunya, ambalo ni jina la njaa.

Uzito wa neno hilo hauonekani vizuri mpaka yakumbukwe yale yaliyokuwa yakifikiriwa Ulaya katika kizazi hichohicho. Edmund Husserl, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa ameweka msingi wa fenomenolojia, yaani elimu ya mambo kama yanavyojitokeza kwa yule anayeyaishi, kabla hayajapimwa na kuainishwa na sayansi. Mwanafunzi wake, Martin Heidegger, aliichukua njia hiyo akaielekeza kwenye kuwapo kwenyewe, na katika kitabu chake Sein und Zeit, kilichotoka mwaka 1927, alidai kwamba binadamu hujikuta ametupwa katika ulimwengu asiouchagua, kwamba kwa kawaida huishi kama watu wanavyoishi na kusema kama watu wanavyosema bila kujimiliki, na kwamba kinachoweza kumzindua ni kukikabili kifo chake mwenyewe, kwa kuwa hakuna awezaye kumfia mwenzake kwa namna ya kumwondolea kifo chake. Maisha ya yule aliyezinduka hivyo ndiyo aliyoyaita maisha halisi, kwa maana ya maisha ambayo mtu anayamiliki mwenyewe. Fikra hizo zilikua katika kivuli cha Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ambamo Heidegger mwenyewe alitumikia mwaka 1918 katika kikosi cha kupima hali ya hewa, na hapo ndipo uhusiano na Ugogo unapokuwa zaidi ya mfanano wa mawazo, kwa sababu vita ileile iliyowafanya Wajerumani wa kizazi chake waulize maana ya kufa ndiyo iliyomaliza ng'ombe na nafaka za Wagogo.

Ugogo ni nchi kame iliyoinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, yenye msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na mvua yenyewe katika mwaka wa kawaida hufika kiasi cha milimita 500 hadi 600, nayo hunyesha kwa kusuasua, leo bonde hili na kesho lile. Wasafiri wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji waliiogopa nchi hiyo hata katika majina waliyoiachia: upande wa mashariki, baada ya Mpwapwa, palikuwa na Marenga Mkali, nyika ya maji ya chumvi isiyo na kisima cha kutegemewa, na upande wa magharibi palikuwa na Mgunda Mkali, pori ambalo mpagazi alilivuka akiomba Mungu. Katikati ya makali hayo mawili waliishi watu waliokuwa na maji, na kwa kuwa na maji walitoza hongo, ushuru ambao wasafiri Waingereza Burton na Speke waliulipa mwaka 1857 kama walivyoulipa Waarabu na Wanyamwezi. Jina la Dodoma nalo lina habari ya kutoweka. Simulizi iliyoenea zaidi inaeleza kwamba tembo alikuja kunywa maji, akadidimia katika tope asionekane tena. Nyingine inaeleza kwamba Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakachomeka mikia yao matopeni na kuwaambia wenyewe kwamba wanyama wao wamezama. Simulizi zote mbili zinakutana katika kitenzi kilekile cha kuzama, na inafaa kuzingatiwa kwamba watu hao waliutambua mji wao kwa kumbukumbu ya kiumbe kizito kuliko vyote ambacho ardhi ilikimeza.

Aliyezaliwa katika nchi hiyo hakuzaliwa mtu wa peke yake. Alizaliwa katika kaya, yaani nyumba ya tembe yenye paa bapa la udongo iliyozunguka zizi la ng'ombe, na katika mbeyu, neno linalomaanisha ukoo na lenye undugu na mbegu, pamoja na muziro wake, ambao ni mwiko wa kuepuka chakula au mnyama fulani. Koo hizo zilikuwa na asili tofauti, nyingine zikitoka Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine Ukaguru, na kilichozifanya kuwa watu wamoja hakikuwa damu bali kukubali kukaa katika yisi moja, nchi yenye mtemi wake aliyeshika dhamana ya mvua na rutuba. Hali ya yisi iliitwa mbeho, neno ambalo katika matumizi ya kila siku ni upepo au baridi, lakini katika mambo ya ibada lilimaanisha namna nchi nzima ilivyokaa mbele ya mizimu na mvua: mbeho swanu ilipokuwa njema, mbeho mbi ilipoharibika. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba magonjwa ya mifugo au kukosekana kwa mvua kulipoonyesha kuwa hali imeharibika, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao na kwenda kuchunga ng'ombe, huku wanaume wakikaa kando, kisha wakaifukuza ile hali kwa ngoma mpaka nje ya mipaka ya nchi. Mpango wa dunia uligeuzwa kwa makusudi ili kilichokwisha kugeuka vibaya kigeuke tena.

Ibada hiyo ni fikra juu ya kuwapo, na si kukisia kuisoma hivyo. Heidegger alieleza kwamba binadamu huwa daima katika hali fulani ya moyo, ambayo ndiyo humfunulia ulimwengu kabla hajaanza kuufikiri. Kwa Wagogo hali hiyo haikukaa moyoni mwa mtu mmoja, ilikuwa nje, angani, juu ya mashamba na mazizi, ikipuliza sawasawa juu ya mwenye ng'ombe mia na asiye na hata mbuzi. Kilichoweza kufa kwa mujibu wa mawazo hayo kilikuwa nchi. Mtu mmoja alipokufa alihamia upande wa wazee waliotangulia, akaendelea kukumbukwa na kutambikiwa kaburini. Nchi ilipokufa hapakubaki wa kumtambikia, na wafu nao wakafa kwa mara ya pili.

Haya yote yaliwekwa katika mizani mwaka 1916. Reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na kwa hiyo Ugogo, uliokuwa njia ya misafara, ukawa njia ya majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza na askari wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walishuka kutoka Kondoa wakaitwaa Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kwa nchi nyingine huo ungekuwa wizi mkubwa. Kwa Ugogo ulikuwa ni kukata mshipa, kwa sababu uhai wa nchi hiyo ulitegemea mpango wa kale uliopita katika mifugo. Mwaka wa mavuno, nafaka ya ziada ilibadilishwa kwa mbuzi na ng'ombe. Mwaka wa ukame, mbuzi na ng'ombe walipelekwa kwa majirani wenye chakula na kurudi wakiwa nafaka. Zizi lilikuwa ghala linalotembea, na vijana walikuwa mikono ya kulima na miguu ya kwenda kutafuta chakula mbali. Mvua zilipokatika, ghala hilo lilikuwa limeliwa na majeshi mawili, na vijana walikuwa wamepotelea katika safari za upagazi ambazo wengi hawakurudi. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kwa undani kuliko wengine, anakadiria kwamba kati ya watu 150,000 wa eneo hilo walikufa 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano.

Wagogo waliita njaa zao majina, na majina hayo yalikuwa kalenda: umri wa mtu, mwaka wa ndoa, wakati wa kuhama kaya, vyote vilihesabiwa kwa njaa iliyotangulia au kufuatia. Mtunya maana yake ni kinyang'anyiro. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mwenye kusoma historia ya Ugogo hana budi kulikalia muda mrefu. Njaa hiyo ingeweza kuitwa kwa jina la ukame, kwa jina la Wajerumani, kwa jina la Waingereza, kwa jina la chakula kichungu cha porini kilicholiwa, au kwa idadi ya makaburi, na kila moja ya majina hayo lingekuwa la kweli. Walionusurika hawakuchagua lolote kati ya hayo. Walichagua jina linaloeleza walichotendeana wao kwa wao: kugombea, kunyang'anyana, mzazi kumweka mtoto kwa mwenye chakula ili wote wawili wapate kuiona kesho, mlango kufungwa mbele ya ndugu. Walijishuhudia wenyewe, na ushahidi huo wakaufanya jina la mwaka, ili kila atakayehesabu umri wake autamke.

Kwa hiyo Mtunya ni hukumu juu ya maisha halisi na maisha yaliyopotea, nayo inakwenda kinyume na hukumu ya Sein und Zeit. Heidegger aliona upotevu katika kumezwa na watu, katika kuishi jinsi kila mtu anavyoishi, na akaona kujipata katika ule upweke wa mtu aliyebaki uso kwa uso na kifo chake, ambako mahusiano yote na wengine hulegea. Katika Ugogo wa 1919 mahusiano yalilegea kweli, na kila mmoja alibaki uso kwa uso na kifo chake, lakini hali hiyo haikuitwa kuzinduka. Iliitwa kinyang'anyiro, nayo ikakumbukwa kuwa ndiyo siku mtu alipokuwa mtu kidogo kuliko siku zote. Mfuasi wa Heidegger anaweza kujibu, na jibu lake lina haki yake, kwamba mwalimu wake hakuwa akizungumzia kufa kwa njaa bali namna ya kuishi kwa mtu mwenye afya ajuaye kwamba mwisho wake upo. Lakini jibu hilo lenyewe linaonyesha kwamba falsafa ile ilichukua ghala lililojaa kuwa jambo la kawaida lisilohitaji kutajwa. Emmanuel Levinas, aliyesoma kwa Husserl na Heidegger na baadaye akafungwa na Wajerumani kama mateka wa vita, aliligundua pengo hilo, akasema katika kazi zake kwamba kifo kinachomdai binadamu kwanza si chake bali cha mwenziwe. Mzee wa kaya aliyepita Mtunya hakuhitaji kufundishwa jambo hilo. Ndilo lililomfanya akae kimya wajukuu walipomuuliza habari za miaka ile.

Mwaka 1917, njaa ilipokuwa inaanza, Ihumwa, kijiji kilicho mashariki ya mji wa Dodoma, kilimzaa Mathias Mnyampala, ambaye angekuja kuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili kutoka bara na mwandishi wa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Mnyampala alikuwa Mkatoliki, mwalimu, kisha mtumishi wa serikali, na ni kosa kumfanya mwanafalsafa wa Ulaya aliyevaa kanzu. Ushairi wake ni wa maadili na wa umoja wa taifa, na jina lake limeshikamana zaidi na ngonjera, mashairi ya majibizano ya jukwaani ambayo aliyasambaza kwa nguvu kupitia chama cha ushairi kilichoitwa UKUTA. Hata hivyo tawasifu yake, iliyochapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake, aliipa jina Maisha ni Kugharimia, na jina hilo lina elimu ya nchi ya ukame ndani yake. Kugharimia ni kulipa gharama kwa ajili ya kitu au mtu fulani. Anayesema kwamba maisha ni kugharimia hadai kwamba maisha ni mateso, wala kwamba ni zawadi. Anasema kwamba kuishi ni kutoa, na kwamba asiyelipia kitu chochote bado hajaanza. Mtoto wa miaka ya Mtunya alikuwa ameishi kwa gharama ya mtu mwingine aliyetoa kijiko chake, na hilo lilikuwa kweli kwa kila mmoja wa rika lake, ajue asijue.

Kitabu chake cha historia nacho kinasomeka vizuri zaidi katika mwanga huo. Kinaweza kuonekana kuwa ni orodha ya koo, watemi, miziro na taratibu za ndoa, jambo ambalo ni kweli kwa umbo. Lakini kwa mtu aliyezaliwa katika nchi iliyopoteza mmoja kati ya watano, kuandika nani ametoka wapi na nani ni wa ukoo gani ni kuwarudishia wafu mahali pao pa kukaa.

Rigby alikuja Ugogo wakati Tanganyika ikipata uhuru, na kitabu chake kikuu juu ya Wagogo, Cattle and Kinship among the Gogo, kilichapishwa mwaka 1969. Ni kitabu cha shule ya Uingereza, chenye majedwali ya mifugo na mahari, ila ndani yake mwandishi anaonekana akivutwa na jambo ambalo majedwali hayakuweza kulibeba, yaani jinsi ng'ombe, jirani na mzimu vilivyokuwa ulimwengu mmoja ambamo watu waliishi. Baadaye, akiandika juu ya wafugaji wa Ilparakuyo, alijaribu waziwazi kuunganisha nadharia ya Karl Marx na fenomenolojia, akishikilia kwamba mtafiti hana mahali nje ya maisha anayoyachunguza pa kusimama na kutazama. Haitakuwa kosa kuhisi kwamba njia hiyo ilianza kuchongwa kwenye mazizi ya Ugogo.

Mwaka huohuo wa 1969 John Mbiti, mwanatheolojia kutoka Kenya, alitoa African Religions and Philosophy, ambamo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akajenga juu yake nadharia kwamba wakati wa Mwafrika hurudi nyuma kuelekea wahenga na karibu hauna kesho ya mbali. Mbiti aliwafaa wengi kwa kueleza kwamba aliyekufa huendelea kuwa mtu maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na maelezo hayo yanaafikiana na makaburi ya Ugogo. Juu ya kesho, hata hivyo, uwanda wa kati unampinga. Mtu anayebadilisha uwele wa mwaka huu kwa mbuzi jike, akitumaini uzao wake utamlisha mtoto wake katika ukame ambao bado haujaonekana, anaifikiri kesho kwa bidii kuliko mwenye mshahara wa mwezi. Majina ya njaa yenyewe yaliangalia mbele: yalitunzwa ili atakayeziona dalili zilezile azitambue mapema.

Baada ya uhuru, mpangilio wa kaya ulivunjwa kwa nia njema. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ambayo Mwalimu Nyerere aliisimamia kwa ukaribu akiwa Chamwino, ililenga kuwatoa watu katika tembe zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa penye shule, zahanati na maji, na kwa nchi yenye historia ya Mtunya hoja ya kuwaweka watu karibu ili njaa isiwakute peke yao haikuwa ndogo. Lakini kijiji cha safu za nyumba hakikuwa na zizi katikati wala makaburi pembeni, na wazee walihamia mahali ambapo hapakuwa na mtu wao aliyelala ardhini. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, uamuzi uliokaa nusu usingizini hadi serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na leo Ihumwa ya Mnyampala inapakana na Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, wenye majengo ya wizara na barabara za lami juu ya mashamba ya uwele.

Mji unapokua juu ya nchi ya namna hiyo hukutana kwanza na wafu, na Tanzania ina sheria ya jambo hilo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ilitungwa mwaka 1969, mwaka ule Mnyampala alipofariki, nayo inaruhusu kaburi kuondolewa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, kwa fidia inayohesabiwa kwa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko ya kuwatuliza marehemu. Kifungu hicho cha matambiko ni cha kushangaza kwa uzuri wake, kwa kuwa ndani ya lugha kavu ya wanasheria dola imekiri kwamba aliyekufa bado anaweza kusumbuliwa na bado anastahili kuombwa radhi. Kinawahusu waliozikwa. Wale waliokufa njiani mwaka 1918 na 1919, wakielekea kwa majirani kutafuta nafaka, hawana kaburi la kuhamishwa, na barabara mpya zinapita walipoangukia bila mtu kudai tambiko.